Nyuzi za Kushoto

Injini ilifika Mkolani, pembeni ya mji wa Mwanza, ndani ya gunia la pamba, nyuma ya Land Rover ya polisi, na njia nzima Sajini Rebeka Otuoma aliikanyaga kwa mguu mmoja isije ikabingirika. Ilikuwa Alhamisi ya Agosti, mwaka tisini na tano, saa nne asubuhi. Kesho yake jioni mkuu wake alitaka jibu mezani: Elias Nkwabi, aliyekuwa bwana pamba wa serikali, amekufa au hajafa?

Jibu la wengi lilikuwa tayari. Machi ya mwaka tisini na mbili, miezi mitano baada ya kupunguzwa kazini, Elias alipanda pikipiki yake, BSA kuukuu iliyoachwa na Waingereza, akaelekea Kigongo, kwenye kivuko cha ziwa. Hakurudi. Siku ya tatu wavuvi waliokota shati lake, suruali na viatu juu ya jiwe, si mbali na kivuko. Mwili haukuonekana, wala pikipiki, wala ng'ombe wa ukoo aliokuwa amewapeleka malishoni ng'ambo; hao ilisemekana wameibwa. Ukoo ulilia, ukakaa matanga, lakini mkewe Teodora alikataa katakata kuyamaliza. "Sianui tanga la mtu ambaye sijamwona," alisema, na kwa miaka mitatu na ushei alivaa nyeusi na kufagia uwanja wa nyumba yake kama mtu anayengoja mgeni.

Sasa shemeji yake, Revocatus, alikuwa amechoka kungoja. Jumamosi hii ukoo ungekutana, tanga lianuliwe, nyumba igawiwe, na Teodora arudishwe kwa baba yake na sanduku la nguo. Kilichobaki ni barua ya polisi tu.

Injini yenyewe, ya BSA kama ile ya Elias, Rebeka aliipata jana yake huko Igoma, kwa Malimi, muuza vipuri vilivyotumika, mtu ambaye ukimuuliza saa atakuuzia mshale wa saa. Mahali pa namba palikuwa pamesagwa, pamekuwa laini kama kiganja cha mtoto.

"Nani kaisaga?" Rebeka alimuuliza.

"Mimi, afande. Ya nini nikudanganye? Injini haina karatasi. Nikiiacha na namba yake nitamwuzia nani, wewe?"

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mtu. Kaja Jumatatu, kaifunga kwenye keria ya baiskeli. Mwembamba, kofia imeshuka mpaka hapa. Anasema katokea ng'ambo ya kivuko."

"Alisema nini kingine?"

Malimi alijikuna shingo. "Tulipomalizana akaomba spana. Eti mfuniko wa ubavuni umelegea, anikazie. Nikamwambia acha, nitakaza mwenyewe. Hakusikia, afande. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akauliza kama Mzee Shimba wa Mkolani bado yu hai, na kama bado anashika injini za Kiingereza. Nikamwambia yu hai, tena mkali vilevile. Akaenda zake."

Rebeka aliandika kwenye daftari: *Muuzaji anataka kujua kama yupo wa kuitambua injini. Anaogopa.* Akapiga mstari chini yake. Ilikuwa hoja nzuri. Ubaya wake ni kwamba haikuwa kweli, ila hilo alikuja kulijua kesho yake.

Mzee Shimba alikuwa baba mzazi wa Teodora. Alikereza vyuma katika karakana ya meli miaka ishirini na minane, na alipostaafu aliuhamishia ujuzi wake kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Humo alikuwa na mashine ya kukerezea ya kukanyaga kwa mguu, aliyoachiwa na padri mmoja wa Kiholanzi, na ukuta mzima wa misumari. Kila msumari ulikuwa na mwenyewe: huu wa koleo, huu wa misumeno, huu wa kalenda, zilizopangwa mwaka juu ya mwaka.

"Mwangaluka, mzee," Rebeka alisema mlangoni. "Na shikamoo juu yake."

"Marahaba. Mwangaluka." Mzee hakuinua macho kwenye tupa yake. "Kisukuma cha upande wa Musoma hicho. Kimevuka maji, kimelowa."

"Kitakauka, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Dereva alilishusha gunia juu ya meza. Mzee Shimba alifungua mdomo wa gunia, akaukunja chini taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati, kisha mikono yake ikasimama. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Imetoka wapi hii?"

"Wewe niambie kwanza ni ya nani. Namba hakuna."

"Namba ni ya serikali. Mimi nina yangu."

Alivuta kigoda, akachukua spana. Mfuniko wa ubavuni ulikuwa na matundu sita ya bolti, lakini bolti zilikuwa tano. Tundu la chini nyuma lilikuwa tupu, limezibwa na grisi na vumbi. Rebeka aliliandika hilo bila kulitilia maanani. Injini iliyopita kwa Malimi ikitoka na bolti tano, imshukuru Mungu.

Mzee alifungua ya kwanza, ya juu mbele. Akampa Rebeka tochi.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Pete ya shaba ndani ya tundu."

"Si pete. Bushi. Sikiliza, binti. Kasha la injini ni aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Ukikaza kupita kiasi, bolti inang'oa nyuzi za tundu, inabaki kuzunguka bure, haishiki tena, mafuta yanavuja. Hapo tundu unalipanua, unalichonga nyuzi mpya, unapachika bushi ya shaba. Bushi ina nyuzi nje za kushika kasha, na nyuzi ndani za kushika bolti. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Kila fundi anafanya hivyo."

"Kila fundi anafanya vibaya. Nyuzi zote mbili anazichonga kuelekea kulia. Siku ukifungua bolti, bushi nayo inafuata, inatoka nayo kama jino bovu. Mimi nyuzi za nje nazichonga kushoto. Ukifungua bolti, bushi inazidi kujikaza. Kisha nagonga pini ndogo ya shaba pembeni, isigeuke huku wala huku." Alinyoosha kidole ukutani, kwenye msumari wenye kipande cha chuma chenye meno. "Tapu ile ya kuchongea nyuzi za kushoto nilijitengenezea mwenyewe. Mwanza nzima haina nyingine. Wenzangu karakanani walinicheka, waliniita Shimba Kinyumenyume. Meli bado zinatembea na bushi zangu."

"Kwa hiyo bushi yenye nyuzi za kushoto ni yako."

"Ni yangu, au mimi si mimi."

Kivuli kiliingia mlangoni kabla ya mwenye kivuli. Teodora alikuwa amebeba chupa ya uji na vikombe viwili, kichwani kitambaa cheusi. Rebeka angependa mwanamke huyo asiwepo mpaka jambo lijulikane. Alifungua mdomo kumwomba atoke, lakini Teodora alikwisha kuiona injini. Aliweka vikombe chini. Akaja, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo.

"Ya baba Masalu," alisema. Masalu alikuwa mtoto wao wa pekee, na Teodora hakumwita mumewe kwa jina jingine.

"Bado tunaangalia," Rebeka alisema kwa upole.

"Mwonyeshe matatu, baba."

Mzee Shimba alikohoa. "Nilikuwa nafika huko." Alifungua bolti ya pili, na ya tatu. Chini ya kila moja, tochi ilikutana na shaba. "Mwaka themanini na sita kijana alikuja hapa, kaua nyuzi za tundu la kwanza. Nikamtilia bushi. Wiki tatu hazijaisha, karudi, kaua la pili. Nikamwambia, kijana, bolti inakazwa kwa kifundo cha mkono, haikazwi kwa bega. Akasema nimesikia, baba. Mwezi haukuisha, kaleta la tatu." Alimtupia binti yake jicho. "Tundu la kwanza mtu anaweza kuliua kwa ujinga. La pili kwa kiburi. La tatu nikainuka, nikachungulia nje, nikamwona huyu anammiminia maji kwenye kikombe cha maua."

"Kilikuwa cha wageni," Teodora alisema.

"Mgeni gani anakuja na spana yake?"

Teodora alicheka kidogo, na kicheko hicho kikawa kama kimeshtuka kujikuta humo bandani. Rebeka aliandika: *Bushi tatu. Mmiliki alikuwa akiua nyuzi makusudi apate sababu ya kuja.* Miaka kumi na mmoja ya kazi, hakuwahi kuandika ushahidi wa namna hiyo.

"Basi injini tumeitambua," alisema. "Fungua zilizobaki, mzee, tumalize."

Bolti ya nne ilitoka bila taabu. Rebeka alimulika tochi. Shaba.

Mzee Shimba alichukua kitambaa, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Matatu, ulisema," Rebeka alimkumbusha.

"Hiyo si yangu. Fundi mwingine huko alikokuwa. Wameniiga."

"Watu waliokuwa wanakucheka?"

"Mafundi wa Igoma wanaiga kila kitu siku hizi."

Teodora hakumtazama baba yake. Alikulia kwenye banda hili, aliijua misumari hata gizani. Alitungua keekee ya mkono, akaitegesha juu ya pini ndogo ya shaba, akazungusha mpaka pini ikawa unga wa njano. Kisha akachukua bisibisi pana, akaipachika kwenye mfereji wa bushi. Kwanza aliijaribu kuelekea kushoto, upande ambao kila kitu duniani hufunguka. Bushi ikakaza. Akageuza mkono, akazungusha kulia.

Bushi ilitoka polepole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikalala kiganjani mwake. Nyuzi zake za nje zilipanda kuelekea kushoto.

"Baba," alisema.

"Labda nilisahau. Uzee huu. Labda alikuja mara nne."

"Kwenye harusi yangu ulisimama mbele ya watu ukasema matatu. Ulinitania matatu mpaka Masalu akazaliwa."

Rebeka aliona ni wakati wa kuingia kati kabla maneno hayajawa makali. Alifungua bolti ya mwisho mwenyewe. Hiyo tundu lake lilikuwa zima. Akaubandua mfuniko. Gasketi, ile karatasi inayokaa katikati kuzuia mafuta, ilikuwa imenata kwenye kasha. Aliinyanyua kwa ncha ya kisu, akaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya sahani, akaitandaza kwenye mwanga wa mlango.

Fundi hanunui gasketi. Anaikata kwenye boksi, au jalada la daftari, au chochote kigumu kilicho karibu. Hii ilikatwa kwenye kalenda. Chini ya weusi wa mafuta tarakimu zilijitokeza: safu ya Jumamosi, moja, nane, kumi na tano. Juu yake, nusu ya neno Oktoba.

"Oktoba iliyoanza Jumamosi," Rebeka alisema. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole. "Mwaka jana."

"Kalenda huzunguka, binti," Mzee Shimba alisema haraka. "Hata themanini na nane Oktoba ilianza Jumamosi. Mimi kalenda kuukuu situpi. Hiyo ya themanini na nane."

Rebeka alihesabu tena. Mzee alikuwa sahihi. Themanini na nane nayo ilianza hivyo, wakati huo Elias yupo nyumbani, na jambo zima lingekuwa la kawaida kabisa. Kisha akaigeuza gasketi kidogo, mwanga uingie ubavuni. Pembeni ya tarakimu, rangi ya bluu: mkia wa samaki, na juu yake herufi za neno MINOFU.

"Mzee wangu," alisema, "mwaka themanini na nane kiwanda cha minofu ya sangara kilikuwa wapi hapa Mwanza, hata kigawe kalenda?"

Alitembea hadi kwenye msumari wa kalenda. Aliinua ya mwaka huu. Chini yake ilikuwapo ya mwaka jana, ya kiwanda, na samaki wake mkubwa wa bluu alikuwa hana mkia. Rebeka alipachika gasketi juu ya pengo. Tarakimu zilishikana mikono na tarakimu, mkia ukarudi kwa samaki.

Teodora alikaa chini, juu ya gogo lililokuwa karibu na mlango.

"Mwaka jana," alisema. "Alikuwa hapa mwaka jana."

Mzee Shimba aliiweka spana. Mikono ilipokosa kitu cha kushika, alionekana mzee kweli.

"Siku uliyokwenda Magu kumzika shangazi yako. Kaja alfajiri, kofia usoni, pikipiki inamwaga mafuta. Tundu la nne." Alivuta pumzi. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akaniambia yote. Wale ng'ombe wa ukoo aliowapeleka malishoni ng'ambo hawakuibwa. Aliwauza wote, akachimba shimo la dhahabu, arudi tajiri awaonyeshe waliomfukuza kazi. Shimo likajaa maji. Nguo aliziacha mwenyewe juu ya jiwe. Alisema maiti haulizwi ng'ombe."

"Na wewe ukamtengenezea tundu."

"Nikamtengenezea. Nikamwambia, ukimtaka mkeo mfuate kwa miguu, acha kumfuata kwa spana. Alikaa mpaka basi la Magu lilipopiga honi barabarani. Alijua umo. Aliposikia honi, akasimama, akakaa, akasimama, akawasha pikipiki akaondoka."

"Miezi kumi, baba. Kila Jumapili naombea misa ya marehemu, na wewe unanisindikiza."

"Nilikuwa naomba na mimi. Sala yetu tu haikuwa moja." Mzee alifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukaacha mstari mweusi. "Nilijiambia, mjane huonewa huruma, aliyekimbiwa huchekwa. Nikataka uonewe huruma. Ndiyo hesabu niliyofanya. Mbaya, lakini ni yangu."

Teodora alikuwa akiizungusha bushi kidoleni kama pete iliyomkubali. Nje, dereva alikuwa ameanza kukoroma ndani ya Land Rover.

Rebeka alirudi kwenye daftari. Kwa kawaida, shahidi akisema kweli, mambo ya nyuma hubadilika sura, na mpelelezi mwenye akili huyasoma upya kabla hayajapoa. Alisoma ukurasa wa Igoma. Akaukazia macho mstari mmoja. *Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.*

"Mzee, hili tundu tupu. La chini nyuma. Hebu nisaidie."

Mzee Shimba aliondoa grisi na vumbi kwa kijiti. Akaingiza waya mwembamba uliopindwa ncha, akavuta. Ulitoka uzi mweupe wa aluminiamu uliojiviringa kama unywele, unang'aa.

"Limeuawa," alisema. Akaupeleka uzi puani, kisha akausugua katikati ya vidole. "Tena limekufa kavu. Grisi ilikuwa mdomoni tu, imepakwa juu. Huku ndani halijaonja tone. Injini ilikuwa imekwisha zimwa. Hili ni la juzi."

"La Jumatatu," Rebeka alisema. "Kabla hajauliza kama bado uko hai." Alichukua kalamu, akakata ile hoja yake nzuri ya jana kwa mistari miwili. "Nilidhani anaogopa injini isije ikafika kwako. Kumbe alikuwa anaituma."

Teodora aliinuka. Aliutwaa ule uzi mweupe kwa baba yake, akautazama kwa muda mrefu, na uso wake ukapita hasira, ukapita kicheko, usitue popote.

"Mpumbavu," alisema taratibu. "Mtu mzima na mvi zake. Tundu la tano."

"Bolti yake ilikuwapo kwa Malimi?" mzee aliuliza.

"Nilipekua banda lake lote. Haipo."

"Basi mimi siwezi kitu. Hizi ni nyuzi za Kiingereza. Siku hizi mjini bolti zote ni milimita za Kijapani. Tena ya tundu hilo ni nene kuliko hizi tano; bila bolti yenyewe sina cha kupimia bushi."

"Anayo yeye mfukoni," Teodora alisema.

Rebeka alifunga daftari. "Barua ya Revocatus haitoki. Polisi haiandiki kifo cha mtu aliyekaza bolti Jumatatu. Jumamosi wakikutana nitakuwepo, nitawaambia mwenyewe. Ya ng'ombe Elias ataulizwa, na atayajibu akiwa hai. Hilo sitamficha, wala wewe usimfiche."

"Nitamuuliza mimi kwanza," Teodora alisema. "Wengine wapange foleni."

"Sasa hivi nakwenda Kigongo. Aliyetoka ng'ambo na baiskeli, wenye kivuko wanamjua. Nikimwona nimwambie nini?"

Teodora alifikiri. Aliirudisha bushi ya nne kwenye tundu lake, akaikaza kuelekea kushoto, akamwachia baba yake agonge pini mpya.

"Mwambie alete bolti."

Kisha akainua mikono, akafungua fundo la kile kitambaa cheusi kichwani. Nywele zilikuwa zimeota nusu kidole, na mvi mbili tatu. Alikikunja kitambaa mara moja, mara mbili, akakisokota ncha, akakisokomeza ndani ya tundu la tano mpaka kikashika, vumbi lisiingie.